Kamenge: Doria ya mtaa na mauaji ya umati, tofauti iko wapi?

Katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ng'ambo ya mto Ntahangwa, kuna neno ambalo likipigwa ukelele usiku huwaamsha watu haraka kuliko king'ora cha polisi. Kwa Kiswahili ni "mwizi", kwa Kirundi ni "igisuma". Anayelitamka haulizwi ushahidi, na anayetajwa hapewi nafasi ya kujibu. Milango hufunguliwa, fimbo na mawe hushikwa, na jambo lililoanza kama ulinzi wa jirani kwa jirani laweza kumalizika kwa maiti iliyolazwa kando ya barabara. Kesho yake habari husomwa kwa sentensi moja: mtu aliyeshukiwa kuwa mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Sentensi hiyo imezoeleka katika vyombo vya habari vya Kiswahili tangu Dar es Salaam hadi Bukavu, na kwa kuwa imezoeleka haishtui tena. Lakini inaficha mengi. Wananchi hao walikuwa kumi au mia mbili? Walitoka mbio vitandani, au walikuwa doria iliyopangwa na yenye kiongozi? Chefu wa mtaa alikuwapo? Aliyeuawa alifumaniwa na mali mkononi, au alikuwa mgeni tu aliyepita mahali ambapo hakuna aliyemfahamu? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyatia katika kapu moja la "kujichukulia sheria mkononi", na ambayo Warundi nao huyaita kwa neno moja, "kwihanira", yaani mtu kutoa adhabu yeye mwenyewe.

La kwanza ni ulinzi wa raia wanaojitwalia kazi ya dola: kundi linalojipanga, linalolinda eneo lake, linalokamata watu, na mara nyingine linalohukumu na kuadhibu. La pili ni mauaji ya umati: kundi linalomuua mtu nje ya sheria kwa kisingizio cha haki. La kwanza laweza kuendelea miaka mingi bila kumwaga damu. La pili laweza kuanza na kwisha ndani ya nusu saa, na waliolitenda wakarudi makwao kula chakula cha jioni. Wakazi wa Kamenge, mtaa ambao katika miaka thelathini iliyopita umeyaona yote mawili, wanajua pia kwamba kati ya moja na jingine kuna hatua chache tu.

Jina la ukoo lililogeuka kuwa kitendo

Neno linalotumiwa na lugha za Ulaya kwa mauaji ya umati limetokana na jina la mtu. Charles Lynch alikuwa hakimu wa amani na kanali wa wanamgambo katika jimbo la Virginia, Marekani, wakati wa vita vya uhuru. Mwaka 1780 yeye na wenzake waliwakamata watu walioshukiwa kumuunga mkono mfalme wa Uingereza, wakawahukumu bila mamlaka ya kisheria, na kuwaadhibu zaidi kwa viboko. Mwaka 1782 bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kumkinga asishtakiwe. Ajabu ni kwamba alichokifanya Lynch kinafanana zaidi na ulinzi wa kujitwalia kuliko kile ambacho jina lake limekuja kukibeba.

Maana ilibadilika karne moja baadaye, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Chuo cha Tuskegee, kilichoko Alabama, kiliorodhesha watu 4,743 waliouawa na umati nchini Marekani kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa weusi. Umati haukuwa umeziba pengo la polisi. Mahakama zilikuwapo, magereza yalikuwapo, na katika visa vingi mshukiwa alitolewa katika mikono ya sherifu ambaye hakujisumbua kuzuia. Mwandishi wa habari Ida B. Wells alianza kuchunguza mauaji hayo baada ya watu watatu, rafiki yake mmoja akiwamo, kuuawa mjini Memphis mwaka 1892. Walikuwa na duka la vyakula lililompunguzia wateja mfanyabiashara mzungu wa jirani. Wells alipofuatilia kisa baada ya kisa, aligundua kwamba tuhuma mara nyingi ilikuwa vazi tu. Kilichoadhibiwa kilikuwa nafasi ya mtu katika jamii, na maiti ilining'inizwa hadharani ili wengine wanaofanana naye waisome kama barua.

Ni wanaharakati waliokutana Tuskegee mwaka 1940 waliojaribu kuweka mipaka ya maana yenyewe. Kwa mujibu wao, lazima kuwe na ushahidi kwamba mtu ameuawa, kwamba ameuawa kinyume cha sheria, kwamba kundi la watu watatu au zaidi limeshiriki, na kwamba kundi hilo lilidai kutumikia haki, rangi au mila. Hiyo sharti ya mwisho ina uzito. Jambazi anayeua kwa ajili ya simu hadai kutumikia haki. Umati hudai, na madai hayo ndiyo yanayowafanya majirani watazame bila kuingilia.

Neno la upande wa pili ni la Kihispania, vigilante, nalo maana yake ni mlinzi, mtu aliyekesha. Lilipata umaarufu San Francisco, mji uliofurika wachimba dhahabu, ambako wafanyabiashara waliunda kamati ya ulinzi mwaka 1851 na nyingine mwaka 1856. Kamati hizo zilikuwa na katiba, orodha ya wanachama na vikao vya kusikiliza kesi. Kila moja iliwanyonga watu wanne, kisha ikajivunja. Ni kweli kwamba ziliua, lakini ziliua kwa utaratibu, kwa majina ya watu waliojulikana, na baada ya kikao. Mtu aliyetaka kuzishtaki alijua pa kuanzia.

Wadudu wa Kahama

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi hauko mjini. Uko Usukuma na Unyamwezi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Kahama na Shinyanga, wanakijiji walichoshwa na wizi wa ng'ombe. Silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Uganda, na polisi walikuwa mbali au walishukiwa kula na wezi. Vijiji viliunda majeshi yao ya jadi yenye pinde na mishale, yenye viongozi waliochaguliwa, yenye ishara za kuitana kutoka kijiji hadi kijiji. Watu waliyaita sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi ambao mmoja hamtishi mtu lakini wakijikusanya hufukuza hata nyoka.

Sungusungu waliwatoza wezi faini ya mifugo, na adhabu waliyoitegemea sana ilikuwa kumtenga mtu: hasalimiwi, hauziwi, hazikiwi. Baadhi waliua, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanawake wazee walioshukiwa uchawi, jambo linaloonyesha jinsi ulinzi wa ng'ombe unavyoweza kuhamia upesi kwa watu wasioweza kujitetea. Polisi na mahakama hawakuwapenda. Viongozi wa chama tawala, akiwamo Mwalimu Nyerere, waliwaona kama nguvu ya umma, na mwaka 1989 bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata. Dola ilichagua kuwafunga kamba badala ya kuwafukuza.

Jambo hilo haliwezekani kwa mauaji ya umati. Hakuna nchi iliyoweza kuusajili umati, kuupa kitambulisho na kuufundisha, kwa sababu hauna anwani. Unazaliwa na ukelele na unakufa na mtu wake. Ndiyo maana tofauti kati ya mambo haya mawili si suala la wanachuo peake yao. Serikali inayoshughulika na kundi la ulinzi ina mtu wa kuzungumza naye, wakati ile inayoshughulika na umati inabaki na maiti na mashahidi wasioona kitu.

Kamenge, mtaa uliojifunza kwa gharama

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kamenge na Kinama ilikuwa mitaa ya mchanganyiko, yenye Wahutu, Watutsi, Wakongomani na wasemaji wa Kiswahili waliohamia kutoka Buyenzi kutafuta viwanja vya bei nafuu. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, aliuawa na wanajeshi waliojaribu kupindua serikali. Mauaji yakaenea nchini, na katika miezi iliyofuata Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa.

Pande zote mbili vijana walianza kwa maneno yaleyale: tunalinda. Kamenge na Kinama, zilizokuwa ngome za Wahutu, ziliweka walinzi na vizuizi. Ngagara, Musaga na Nyakabiga zikawa na makundi ya vijana wa Kitutsi, maarufu miongoni mwao likiwa Sans Échec, jina la Kifaransa lenye maana ya wasioshindwa. Doria ya namna hii, kwa siku zake za mwanzo, ilikuwa na sura zote za ulinzi wa kujitwalia: eneo lenye mpaka, zamu za usiku, kiongozi anayejulikana. Kisha kizuizi kikawa mahali pa kuuliza swali moja tu, wewe ni nani, na mara nyingine hata swali halikuulizwa kwa sababu pua na kimo vilichukuliwa kuwa jibu. Abiria aliyeteremshwa kwenye basi hakushtakiwa kwa kitendo chochote. Hapo ulinzi ulikuwa umekwisha na mauaji ya umati yalikuwa yameanza, ingawa vijana walikuwa walewale na kizuizi kilekile.

Mwezi Machi 1995 wimbi hilo lilifika Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Waswahili. Watu wengi waliuawa na maelfu wakakimbia, wengi wao kuelekea Uvira. Kufikia katikati ya mwaka huo, baada ya operesheni za jeshi, Kamenge yenyewe ilikuwa karibu tupu. Mahali pachache palipobaki pakipokea vijana wa pande zote ni Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa muongo huo, ambacho mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood inayotolewa Sweden. Wazo la waanzilishi halikuwa la kifalsafa. Vijana waliocheza mpira wa kikapu timu moja walijuana kwa majina, na ni vigumu zaidi kumpiga jiwe mtu ambaye jina lake unalijua.

Serikali nayo iliingia katika biashara ya doria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifundisha na kuwapa silaha raia walioitwa walinzi wa amani, bila mshahara, wasaidie jeshi dhidi ya waasi. Mwaka 2001 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu mpango huo na dhuluma zilizofanywa na baadhi yao. Baada ya mikataba ya amani walirejeshwa katika maisha ya kiraia, lakini mazoea ya kukesha barabarani na kusimamisha wapita njia hayakuvuliwa pamoja na bunduki.

Mwaka 2009, dola iliacha kuua na umati haukuacha

Tarehe 22 Aprili 2009 Burundi ilitangaza kanuni mpya ya adhabu iliyofuta hukumu ya kifo. Kuanzia siku hiyo hakuna jaji nchini mwenye uwezo wa kumpeleka mtu kunyongwa, awe amefanya nini. Mwaka huohuo, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa Machi 2010 na Human Rights Watch pamoja na shirika la Burundi la kutetea haki za binadamu na wafungwa, APRODH, watu wasiopungua 75 waliuawa na umati nchini. Tuhuma zao zilianzia mauaji na kuishia wizi wa mikungu michache ya ndizi.

Mizani hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Taifa lilikuwa limesema kwamba hata muuaji aliyethibitika hatauawa, na wakati huohuo mtu aliyebeba mkungu wa ndizi usiku aliweza kufa kwa mawe bila jina lake kuandikwa katika daftari lolote la mahakama. Ripoti hiyo iligusa pia jambo ambalo taswira ya "wananchi wenye hasira" hulifunika kabisa: katika baadhi ya visa viongozi wa mitaa na maofisa wa usalama walikuwapo, walijua, au walishiriki. Na waliofikishwa mahakamani walikuwa wachache mno.

Hapo mpaka kati ya mambo mawili unakuwa mwembamba. Ikiwa kiongozi anayetambuliwa na serikali anasimamia kipigo, je, huo ni umati au ni mahakama isiyo na jengo? Kisheria jibu ni jepesi, maana vyote viwili ni uhalifu. Kijamii jibu ni zito, kwa sababu kuwapo kwake kunaugeuza umati, machoni pa watazamaji, kuwa kitu kinachofanana na amri.

Swali hilo lilizidi kuwa kali baadaye. Doria za usiku, ambazo Warundi huziita amarondo, zilihusishwa katika maeneo mengi na Imbonerakure, vijana wa chama tawala cha CNDD-FDD. Wanaoziunga mkono husema zimepunguza wizi mahali ambapo polisi ni wachache. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Burundi, iliyoundwa mwaka 2016, iliwataja vijana hao mara kadhaa katika ripoti zake kuwa miongoni mwa wahusika wa dhuluma nzito, madai ambayo serikali iliyakana. Ulinzi wa raia ulio na mgongo wa chama au wa dola si ulinzi wa kujitwalia kwa maana ya Kahama. Una jina lingine na hatari nyingine, kwa kuwa aliyeonewa nao hajui amshtakie nani.

Kisha kuna siku moja ya mwaka 2015 iliyoonyesha kwamba sumu hunywewa pande zote. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalikuwa yamepamba moto. Tarehe 7 Mei, huko Nyakabiga, mtu aliyedaiwa kuwa Imbonerakure aliuawa na waandamanaji na mwili wake kuchomwa. Siku hiyohiyo huko Cibitoke, mtaa wa kaskazini usio mbali na Kamenge, mtu mwingine aliyeshukiwa hivyo alikimbia nyumbani kwake chini ya mvua ya mawe akajificha katika mtaro wa maji machafu. Picha zilizopigwa na shirika la habari la AP zilienea duniani: alipotoka mtaroni, wanajeshi walisimama kati yake na umati, naye akawasihi wamlinde. Waandamanaji walisema wanapigania katiba. Mtu yule hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote mbele ya mtu yeyote. Aliokoka kwa sababu watu wenye silaha, waliokuwa na haki ya kuzibeba, waliamua kwamba hauawi mbele yao.

Sheria inaruhusu nini hasa?

Wengi hudhani kwamba sheria inamkataza raia kumgusa mwizi. Sivyo. Utaratibu wa jinai wa Burundi, kama ilivyo katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kibelgiji na Kifaransa, unamruhusu mtu wa kawaida kumkamata aliyefumaniwa akitenda kosa na kumpeleka mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Maneno mawili, mara moja, ndiyo mpaka wenyewe. Mtu anayemshika mwizi na kuita polisi yuko ndani ya sheria. Anayemfunga kamba hadi asubuhi ili majirani wapite kumpiga tayari ametoka nje. Na akifa, hakuna anayeweza kujitetea kwamba yeye alirusha jiwe moja tu kati ya mia, kwa sababu kushiriki katika mauaji hakupimwi kwa idadi ya mawe.

Kuna kifungu kingine ambacho watazamaji hukisahau. Kanuni ya adhabu ya Burundi inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeacha kumsaidia aliye hatarini, iwapo angeweza kusaidia au kuita msaada bila kujihatarisha yeye mwenyewe. Simu iliyotumika kurekodi ingeweza kutumika kupiga.

Yote haya ni kweli kwenye karatasi. Lakini mtu anayeishi Kamenge ana sababu zake za kutoamini karatasi, na itakuwa ni unafiki kumhubiria sheria bila kuzitaja. Mwizi aliyekabidhiwa jioni huonekana mtaani baada ya siku tatu, na majirani husema amelipa. Polisi hupigiwa simu wakajibu hawana mafuta ya gari. Hata kesi kubwa huacha mashaka. Septemba 2014 watawa watatu wazee kutoka Italia waliuawa katika nyumba yao huko Kamenge, wawili kwanza na wa tatu usiku uliofuata, wakati habari za wale wawili zilikuwa tayari zimeenea. Polisi walimwonyesha mshukiwa mmoja baada ya muda mfupi, na wakazi wengi hawakuridhika. Januari 2015 mkurugenzi wa redio binafsi RPA, Bob Rugurika, alitiwa ndani baada ya redio hiyo kutangaza maelezo tofauti kuhusu mauaji hayo. Alipoachiliwa kwa dhamana mwezi uliofuata, umati mkubwa ulijitokeza barabarani kumpokea. Ulikuwa umati wa furaha, lakini ulisema jambo lilelile ambalo umati wa mawe husema kwa njia mbaya: hatuwaamini walioshika faili.

Ukosefu wa imani unaeleza kwa nini watu hulinda mitaa yao wenyewe. Hauelezi kwa nini huua. Mtu aliyekwisha kufungwa mikono hahatarishi tena mali ya mtu, na hasira dhidi ya polisi walala rushwa haiwafikii polisi hao hata kidogo. Humwangukia aliye karibu na asiye na ndugu pale.

Nani huuawa?

Hapo ndipo suala hili linapowagusa wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Ukelele wa mwizi haumpati kila mtu sawasawa. Mtoto wa mtaa akituhumiwa, yupo shangazi wa kupiga kelele, yupo jirani wa kusema huyu ni fulani, mwacheni. Mgeni hana. Mwenye lafudhi ya ng'ambo ya ziwa, mchuuzi aliyechelewa kurudi, mkimbizi asiyejua Kirundi vizuri, mtu mwenye maradhi ya akili asiyeweza kujieleza: kwa hao, dakika ile ya kujitambulisha ndiyo inayokosekana.

Na ng'ambo ya ziwa hali si nzuri zaidi. Wilayani Shabunda, Kivu ya Kusini, kundi la Raia Mutomboki lilianza mwaka 2005 kama wanakijiji waliochoshwa na mashambulizi ya waasi wa FDLR. Jina lake lina maana ya raia waliokasirika. Baada ya miaka michache lilikuwa kundi la wapiganaji lenye matawi na makamanda, likishutumiwa kwa mauaji ya raia wale ambao lilisema linawalinda. Hiyo ndiyo njia moja ambayo ulinzi hupotea. Njia nyingine ilionekana Desemba 2021 huko Lweba, wilayani Fizi, ambako meja wa jeshi la taifa la Kongo, Mnyamulenge aliyekuwa safarini, aliuawa na umati na mwili wake kuchomwa. Alikuwa amevaa sare za nchi yake. Kosa lake lilikuwa asili yake, na katika hilo kifo chake kinakaa karibu zaidi na orodha ya Tuskegee kuliko na mwizi yeyote wa ndizi.

Kabla ya fimbo kuwa silaha

Burundi ilikuwa na fimbo ya aina nyingine. Bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao, walipewa jina kutokana na intahe, fimbo waliyoigonga chini wakati wa kuamua shauri. Walisikiliza aliyelalamika, wakamsikiliza aliyelalamikiwa, wakaita mashahidi, wakajitenga kushauriana, kisha wakatoa uamuzi ambao lengo lake lilikuwa watu waweze kuendelea kuishi kilima kimoja. Hawakuwa malaika, na tawala mbalimbali ziliwatumia na kuwadhoofisha. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaka heshima yao irejeshwe. Baadaye mabaraza ya vilima yaliyochaguliwa kwa kura yalichukua sehemu kubwa ya nafasi yao.

Taasisi hiyo inafaa kukumbukwa hapa kwa sababu nayo haikuwa mahakama ya dola, na bado haikuwa umati. Kilichoitofautisha si idadi ya watu wala kibali cha serikali. Ilikuwa na muda wa kumsikiliza mshtakiwa. Kundi la sungusungu lililokaa kikao likamtoza mwizi ng'ombe wawili liliukaribia utaratibu huo, hata kama lilikosea mengi. Doria ya Kamenge inayomshika mtu saa nane usiku, ikamuuliza jina, ikampigia simu nyumbakumi na kumwita ofisa wa polisi, inaukaribia pia. Doria hiyohiyo ikipiga ukelele kwanza na kuuliza baadaye, haina tena haki ya kujiita doria.

Kinachobaki ni jambo la vitendo, nalo halina utukufu wowote: zile saa kati ya kukamatwa kwa mtu na kufika kwa polisi. Nani anamlinda katika muda huo? Amewekwa wapi, barabarani au ndani ya ua wenye mlango? Ameshikwa na watu wangapi, na je, majina yao yameandikwa? Simu ilipigwa saa ngapi, na nani aliipokea? Maswali hayo yanaweza kuandikwa kwenye daftari la shule la kurasa 48 na kukaa mikononi mwa kiongozi wa zamu. Ofisa wa polisi anayefika asubuhi akilikuta daftari hilo ana mshukiwa, mashahidi na saa. Asipolikuta, ana mwili na mtaa mzima uliokuwa umelala.